Mashine Ilisema Hajalewa

Mwaka juzi nilipanda Probox usiku kutoka Embu kuja Nairobi. Dere alikuwa na mfuko wa muguka katikati ya mapaja, chupa ya soda pembeni, na shavu moja limevimba tangu tutoke steji. Karibu na Makutano tukasimamishwa. Afande akaingiza kifaa dirishani, dere akapuliza, kifaa kikasema sifuri. "Haya, enda mzee." Tukaenda. Kuanzia hapo yule mzee aliongea bila koma, akapita lori kwenye kona mara mbili, na akatuambia mwenyewe, tena kwa fahari, kwamba hajalala tangu juzi.

Mashine haikudanganya. Iliulizwa kuhusu pombe, ikajibu kuhusu pombe. Lakini nilishuka Ngara miguu ikitetemeka, na swali ambalo halijaniacha tangu usiku ule: mashine ikisema sifuri na dereva bado si mzima, nani ana ruhusa ya kusema?

Los Angeles waliuliza swali hilo mapema kutuliko, na jibu lao lina hadithi ndefu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, mtu wa polisi wa jimbo la Indiana, alitengeneza kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi ambacho askari wa kawaida angeweza kukitumia. Pombe ni rahisi hivyo. Iko kwenye damu, inapita kwenye mapafu, inatoka na pumzi kwa kiasi kinachofuata kile kilichomo mwilini. Ukipima moja, umekadiria nyingine. Uingereza ikaweka kikomo chake mwaka 1967: miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu. Ukisoma kanuni zetu za Kenya za mwaka 2011 utaikuta 80 hiyo hiyo imekaa pale, na ya pumzi ni maikrogramu 35 kwa mililita 100, kama tu ya Uingereza. Nambari husafiri bila viza.

Shida ni kwamba dawa nyingine hazina adabu ya pombe. Kiini cha bangi, kwa mfano, hujificha kwenye mafuta ya mwili. Mtu aliyevuta wiki jana anaweza kupatikana nacho kwenye mkojo leo akiwa timamu kabisa, na aliyevuta saa mbili zilizopita anaweza kuwa na kiasi kidogo kwenye damu huku kichwa bado kiko mbali. Hakuna 80 ya bangi ambayo wanasayansi wote wataisimamia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, polisi wa trafiki wa Los Angeles walikuwa wanakutana na huyo dere wangu kila wikendi. Gari linayumba, dereva haelewi anachoambiwa, anapimwa, pombe hakuna au ni kidogo tu. Mji ulikuwa na PCP nyingi miaka hiyo. Kumpeleka kwa daktari hakukusaidia sana, kwa sababu madaktari wengi hawakuwa wamefundishwa kumtambua mtu akiwa juu, na wengine hawakutaka mambo ya kwenda kortini. Basi masajenti wawili, Dick Studdard wa trafiki na Len Leeds wa mihadarati, wakaanza kuuliza madaktari, kusoma vitabu na kukusanya dalili, hadi wakawa na utaratibu wao wenyewe. Mwaka 1979 idara yao ikautambua rasmi. Hapa ndipo ninapowavulia kofia: hawakungoja mtu awaletee mashine.

Utaratibu huo una hatua 12, na leo hufundishwa polisi Marekani yote na Canada pia. Unaanza na kipimo cha pumzi, ili pombe iwekwe kando. Kisha askari aliyesomea anaongea na yule aliyekamata, anamhoji mshukiwa kuhusu afya yake, anamshika mkono na kuhesabu mapigo ya moyo. Mapigo yanahesabiwa mara tatu kwa muda tofauti, kwa sababu mtu yeyote akikamatwa moyo hukimbia, na wanataka kuona kama utatulia. Macho yanafuatishwa kalamu kuona kama yanarukaruka. Mtu anatembea kwa mstari, anasimama kwa mguu mmoja, anagusa pua akiwa amefumba macho. Presha, joto la mwili, ugumu wa misuli, alama za sindano. Sehemu inayonikaa akilini ni chumba chenye giza: askari na tochi ndogo, analinganisha ukubwa wa mboni na vidoa vilivyochorwa kwenye kadi. Heroini na jamaa zake huzikaza mboni, kokeni huzipanua. Mwishoni askari anataja kundi la dawa, moja au zaidi kati ya 7, na damu au mkojo unapelekwa maabara kuona kama alikuwa sawa.

Ukisikiliza hivyo unaona ni sayansi kabisa. Na utafiti wa kwanza ulipendeza. Mwaka 1985, pale pale Los Angeles, askari hawa waliposema dereva ana dawa, damu ilikubali zaidi ya mara 9 kati ya 10. Lakini angalia nani alikuwa anapimwa: madereva waliokwisha kamatwa kwa kushukiwa dawa. Ukiletewa foleni ya watu ambao karibu wote wametumia kitu, kupatia si kazi ngumu. Swali gumu ni lile lingine, la mtu safi aliyechoka, mwenye mzio, mwenye woga wa polisi. Huyo jicho lililosomea litamwona safi?

Si kila mara. Katika kaunti ya Cobb, jimbo la Georgia, askari mwenye cheti hicho aliwatia ndani madereva akisema wana bangi, na damu zao zikarudi safi. Mwaka 2017 wakaenda kortini. Mwaka huo huo mahakama ya juu ya Massachusetts ilisema askari anaweza kueleza alichoona kwa dereva wa bangi, lakini asiseme kwamba "amefeli" mtihani. New Jersey walibishana miaka hadi 2023, wakaukubali utaratibu wenyewe, lakini kwa masharti: askari aseme tu kwamba dalili zinaendana na dawa fulani, na upande wa mashtaka uonyeshe ulijaribu kupata kipimo cha maabara.

Sasa nyumbani. Sheria yetu ya Trafiki, kifungu cha 44, inataja kinywaji na dawa za kulevya, na inauliza kama mtu ameshindwa kulimudu gari. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliziangusha kanuni za Alcoblow kwa hoja hiyo hiyo: sheria mama inaongelea kulimudu gari, kanuni zinaongelea kiasi cha pombe kwenye pumzi. Alcoblow haikupotea barabarani, tunajua. Ila ukisoma kifungu vizuri, kinachodaiwa ni jicho, na jicho halifundishwi kwa kupewa kifaa.

Nina rafiki mwendesha boda, Kayole. Mwaka jana alisimamishwa saa nne usiku akitoka kazi ya tangu asubuhi, vumbi limejaa usoni. Aliyemsimamisha alimmulika tochi mara moja, akasema macho mekundu, huyu amevuta. Alitoka asubuhi, kazi ya siku tatu imeenda. Huyo jamaa hata sigara hagusi.

Nilipomsimulia zile hatua 12 alinyamaza kwenye mapigo ya moyo. "Mara tatu?" Mara tatu. "Na wanakuuliza kama ni mgonjwa?" Wanauliza. Akafikiria kidogo. "Na majibu ya damu yanachukua muda gani?" Nikamwambia kwingine ni wiki, kwingine miezi. "Na wakati huo mtu anaitwa nani, mshukiwa ama?"

Mshukiwa, nikamwambia.

"Basi heri ile mashine," akasema, akawasha pikipiki. Mimi nilikuwa nafikiria yule mzee wa Probox, na lile lori kwenye kona.