Baada ya sekondari: mwalimu mshauri wa shule anakusaidiaje?

Makala haya ni kwa vijana wanaosoma sekondari Rugerero na kwingine wilayani Rubavu, wakimbizi na wenyeji, pamoja na wazazi wao. Yanaeleza kazi ya mwalimu mshauri na namna ya kumtumia. La kukumbuka kuliko yote: usingoje hadi umalize ndipo umtafute. Uamuzi mkubwa kuhusu maisha yako baada ya shule unafanyika ukiwa S3, miaka 3 kabla ya kumaliza.

Mshauri wa shule ni nani?

Katika shule nyingine ni mwalimu wa somo la kawaida aliyepewa pia jukumu la ushauri. Kwingine ni mlezi wa wanafunzi. Kama humjui, muulize mwalimu wa darasa lako au mkuu wa shule nani anashughulikia ushauri wa masomo na kazi. Hutakiwi kulipa chochote.

Mshauri hakuchagulii maisha. Anakuuliza maswali: Unafanya vizuri somo gani? Unapenda kazi ya namna gani? Nani atalipa ada? Je, nyumbani wanahitaji uanze kupata kipato mapema? Kisha anakuonyesha njia zilizopo na masharti ya kila moja. Unaweza pia kumweleza mambo yanayokuzuia kusoma, kama hofu, msiba au matatizo ya nyumbani. Anapaswa kutunza siri yako, isipokuwa pale usalama wako au wa mtu mwingine uko hatarini.

Kwa nini uanze S3?

Mwisho wa S3 unafanya mtihani wa taifa unaosimamiwa na NESA. Baada ya hapo njia zinagawanyika: elimu ya jumla, elimu ya ufundi (TVET) au chuo cha ualimu (TTC). Katika elimu ya jumla, kuanzia mwaka wa masomo 2025/2026, michepuo mingi ya zamani imebadilishwa kuwa mielekeo mitatu: Hisabati na Sayansi, Sanaa na Sayansi za Jamii, na Lugha.

Tuseme unataka kuwa mhandisi, lakini unachagua Lugha kwa sababu rafiki zako wamechagua hivyo. Ukifika S6 utagundua kuwa huna masomo ambayo kitivo cha uhandisi kinayataka. Kurudi nyuma kutakugharimu miaka. Kwa hiyo zungumza na mshauri kabla ya kujaza chaguo lako.

Njia zilizopo baada ya S6

- Chuo Kikuu cha Rwanda (UR). Ni chuo kikuu cha umma, kilichoundwa mwaka 2013. Wanafunzi Wanyarwanda wanaotimiza masharti wanaweza kuomba mkopo wa serikali unaosimamiwa na benki ya BRD.
- Rwanda Polytechnic (RP). Ilianzishwa mwaka 2017 na ina vyuo 8 vya ufundi. Kwa mtu wa Rubavu, vyuo vya Musanze na Karongi ndivyo vilivyo karibu.
- Kozi fupi za ufundi. Ushonaji, upishi, umeme, useremala na nyinginezo. Zinafaa kwa anayehitaji kipato mapema. Kabla ya kuchagua, angalia kazi zilizopo hapa kwetu: hoteli za kando ya Ziwa Kivu, ujenzi, chai ya Pfunda, biashara ya mpakani. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi.
- Ufadhili wa DAFI. Ni kwa wakimbizi wanaotaka kusoma chuo kikuu. Ulianza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na unatolewa kupitia UNHCR. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo uwe na mpango wa pili.
- Kepler. Ilianza Kigali mwaka 2013, na mwaka 2015 ikafungua mpango wa masomo ya juu katika kambi ya Kiziba, Karongi.

Kama ulisoma Congo

Mambo matatu huwakwamisha vijana wengi, na yote yanahitaji muda.

*Vyeti.* Ulinganisho wa cheti cha sekondari kutoka nje, pamoja na Diplôme d'État ya Congo, unashughulikiwa na NESA. Kama vyeti vilipotea wakati wa kukimbia, usikate tamaa. Peleka kwa mshauri chochote ulicho nacho: bulletin ya zamani, picha ya cheti kwenye simu, jina la shule na miaka uliyosoma. Akusaidie kujua pa kuanzia.

*Majina.* Linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ya mkimbizi na kwenye cheti. Herufi moja tu ikitofautiana, ombi lako linaweza kukwama. Kurekebisha ukiwa S4 ni rahisi kuliko wiki ya mwisho ya kuomba chuo.

*Lugha.* Congo ulisoma kwa Kifaransa. Sekondari na vyuo vya Rwanda hufundisha kwa Kiingereza. Alama zikishuka mwaka wa kwanza, haina maana kwamba huna akili. Mwombe mshauri akuunganishe na klabu ya lugha au wenzako wa kusoma nao.

Kama familia yako iko Nkamira na inasubiri kuhamishiwa kambi kama Mahama, omba shule ikupe barua ya uhamisho na matokeo yako kabla ya kuondoka.

Kwa wazazi

Nendeni shuleni mnapoitwa. Mwelezeni mshauri ukweli kuhusu uwezo wa nyumbani, ili mtoto asipangiwe njia isiyolipika. Ufundi si njia ya walioshindwa. Na binti anayebeba kazi zote za nyumbani jioni hana saa ya kusoma. Gawanyeni kazi hizo.

Jihadhari na matapeli

Huduma za UNHCR na wadau wake ni bure. Anayekuomba pesa ili akupatie ufadhili, fomu au nafasi ya kwenda nje anakudanganya. Usimpe kadi yako wala vyeti halisi. Toa taarifa kwa UNHCR au polisi.

Ufanye nini wiki hii?

1. Mjue mwalimu mshauri wa shule yako na uombe siku ya kuzungumza naye.
2. Andika njia mbili unazozitaka, na ya tatu kama hizo zitashindikana.
3. Piga picha ya vyeti vyote, kisha umtumie mtu unayemwamini ili nakala isibaki kwenye simu yako tu.
4. Kagua majina na tarehe kwenye kila karatasi.
5. Mwulize mshauri tarehe za mwisho za maombi, uziandike ukutani nyumbani ambapo wazazi nao wataziona.