Historia ya Mafunzo ya Tiba ya Macho kwa Madaktari wa Mifugo wa Jumla

1. Utangulizi

Historia ya utabibu wa wanyama imezoeleka kuandikwa kama orodha ya uvumbuzi: fulani alibuni chombo, fulani akagundua kirusi, fulani akapata dawa. Mtindo huo una faida yake, lakini huficha swali moja muhimu. Baada ya uvumbuzi kutangazwa, ulipita njia gani hadi kumfikia daktari wa jumla, yaani yule anayeitwa zizini usiku, ambaye kwa siku moja hutibu kwato, matumbo, uzazi na macho?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa upande wa macho. Hoja inayotetewa ni kwamba mara nyingi mnyama hupofuka si kwa sababu tiba yake haijulikani duniani, bali kwa sababu mtu wa kwanza kulitazama jicho lake hajafundishwa yale ambayo wengine wamekwisha kuyajua. Mafunzo ya kuendelea, yale anayopewa daktari baada ya kupata shahada, yana kazi ya kuliziba pengo hilo.

2. Farasi, sheria na jicho lisilosomeka

Shule ya utabibu wa mifugo ya Lyon, nchini Ufaransa, iliasisiwa na Claude Bourgelat. Kibali kilitolewa mwaka 1761, na wanafunzi wa kwanza wakapokewa mwaka 1762. Shule ya Alfort, karibu na Paris, ikafuata mwaka 1765. Zama hizo farasi ndiye aliyekuwa nguvu ya jeshi, ya shamba na ya usafiri. Farasi kipofu alikuwa hasara kubwa kwa mwenyewe na hatari kwa aliyempanda.

Ugonjwa uliowasumbua wafugaji kuliko yote ni ule uvimbe wa ndani ya jicho ambao huja, hutulia, kisha hurudi. Watu wa kale waliuita upofu wa mwezi, wakidhani kwamba unafuata kukua na kupungua kwa mwezi. Hadi leo ni miongoni mwa sababu kuu za upofu wa farasi duniani. Shida yake ni kwamba baina ya kipindi na kipindi jicho huweza kuonekana zima machoni pa mnunuzi, ilhali ndani yake makovu yanaongezeka, mboni inashikamana na lenzi, na mtoto wa jicho anaanza kujijenga.

Sheria ya Ufaransa ya tarehe 20 Mei 1838, iliyohusu kasoro zilizofichika za wanyama wanaouzwa, iliutambua ugonjwa huo. Kwa kasoro nyingi mnunuzi wa farasi alipewa siku 9 za kudai haki yake. Kwa ugonjwa wa macho wa vipindi, pamoja na kifafa, alipewa siku 30. Kwa maneno mengine, mtunga sheria alikiri kwamba jicho halisomeki kwa siku moja, akaupa ugonjwa muda wa kujitokeza wenyewe. Daktari aliyeitwa kutoa ushahidi hakuwa na njia ya kuona sehemu ya nyuma ya jicho hai.

Njia hiyo ilipatikana mwaka 1851, pale Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, alipotangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho, yaani oftalmoskopu. Walimu wa shule za mifugo walikichukua chombo hicho kutoka kwa matabibu wa binadamu, na mwanzoni mwa karne ya 20 vitabu kamili vya magonjwa ya macho ya wanyama vilikuwa vimekwisha kutungwa, kama kile cha Josef Bayer wa Vienna. Hata hivyo, kitabu kilichomo maktabani si sawa na mkono uliozoea. Kumtazama farasi mwoga kwa mwanga wa taa katika zizi lenye giza kulihitaji mazoezi ambayo daktari wa kijijini hakuwa na mahali pa kuyapata.

3. Vyombo vidogo na darasa la baadaye

Gari lilipochukua nafasi ya farasi, mbwa na paka waliongezeka katika kliniki za Ulaya na Marekani. Nchini Marekani, mmoja wa waliobadili mambo ni William Magrane, daktari mwenye kliniki katika mji wa Mishawaka, jimbo la Indiana, aliyechapisha mwaka 1965 kitabu juu ya magonjwa ya macho ya mbwa. Mwaka 1957 kilikuwa kimeundwa chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wenye kupenda elimu ya macho. Mwaka 1970 likafuata baraza la mabingwa wenye kupimwa kwa mtihani. Huko Ulaya baraza la namna hiyo liliundwa mwaka 1992.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kuwepo kwa mabingwa kungeweza kulipanua pengo badala ya kuliziba, kwani elimu ingejifungia kwa wachache. Kilichozuia hali hiyo ni kwamba mabingwa hao waligeuka kuwa walimu wa wenzao, na kwamba vyombo vya msingi vya kazi hiyo ni vidogo na havina gharama kubwa. Cha kwanza ni ukanda wa karatasi wa kupimia machozi, uliotokana na kazi ya Otto Schirmer ya mwaka 1903. Huning'inizwa kwenye kope la chini kwa dakika moja, na kwa mbwa mzima machozi hulowesha milimita 15 au zaidi. Cha pili ni fluoresini, rangi ambayo hushika mahali palipochubuka kwenye konea na kupaonyesha kwa kijani. Cha tatu ni tonometa, chombo cha kupimia mkazo wa ndani ya jicho. Hjalmar Schiøtz wa Norwei alitangaza cha kwake mwaka 1905, na vile vidogo vya kielektroniki vilivyofuata vimerahisisha kazi hiyo hata kwa mnyama asiyetulia.

Somo la msingi analopewa daktari wa jumla ni utaratibu: machozi hupimwa kwanza, kabla ya tone lolote kutiwa, maana tone huharibu kipimo, hufuata kutazama kwa mwanga, kisha mkazo, na mwisho rangi. Utaratibu huo una uzito wake. Jicho jekundu huweza kuwa na uvimbe mdogo wa utando wa nje, lakini pia huweza kuwa na glakoma, ambayo kwa mbwa inaweza kuua uwezo wa kuona katika siku chache tu. Hali kadhalika, dawa za jamii ya kotizoni, zilizoenea tangu miaka ya 1950, hutuliza jicho lililovimba, lakini zikitiwa kwenye konea yenye kidonda huweza kulitoboa jicho. Tofauti baina ya tiba na maafa ni tone moja la rangi.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa jicho kavu la mbwa. Katika miaka ya 1980 Renee Kaswan, wa Chuo Kikuu cha Georgia nchini Marekani, alionyesha kwamba siklosporini, dawa iliyojulikana kwa wagonjwa waliopandikizwa viungo, ikipakwa jichoni hurudisha machozi. Serikali ya Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa mbwa mwaka 1995, na kwa binadamu mwaka 2002. Dawa ikawa ipo. Lakini jicho kavu hutoa usaha mzito, na daktari asiyepima machozi hudhani ni maambukizo tu, akaendelea kutoa dawa za kuua vijidudu miezi mingi huku konea ikigeuka nyeusi. Kwa mbwa huyo uvumbuzi wa Georgia ni kana kwamba haukutokea.

4. Jicho la ng'ombe katika Afrika ya Mashariki

Isidhaniwe kwamba elimu hushuka daima kutoka chuoni kwenda zizini. Wamasai wa Kenya na Tanzania walijua tangu zamani kwamba ng'ombe wakichunga karibu na nyumbu wakati nyumbu wanapozaa, huingia homa kali, macho yao hufunikwa na ukungu, nao hufa. Kwa hiyo waliyahamisha makundi yao. Mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake, huko Muguga karibu na Nairobi, walitangaza kuwa wamekipata kirusi cha ugonjwa huo katika nyumbu. Maabara ilithibitisha yale ambayo wachungaji walikuwa wakiyatenda.

Kwa daktari wa jumla wa maeneo hayo, jicho la ng'ombe ni habari ya kundi zima. Ukungu unaoanza pembezoni mwa konea na kusogea katikati, katika macho yote mawili, pamoja na homa, humwonya juu ya ugonjwa wa nyumbu, ambao hauna dawa. Kidonda kinachoanza katikati ya konea, mara nyingi jicho moja kwanza, huku nzi wakiwa wengi, humwelekeza kwenye maambukizo ya Moraxella bovis, ambayo hutibika kwa dawa za kuua vijidudu zikitolewa mapema. Anayeshindwa kutofautisha hali hizo mbili humtia mfugaji gharama bure, au humwacha ndama apofuke bila sababu.

5. Hitimisho

Siku hizi nchi kadhaa zimeyafanya mafunzo ya kuendelea kuwa wajibu. Huko Uingereza, tangu mwaka 2020 daktari wa mifugo hutakiwa kutimiza saa 35 kila mwaka. Hata hivyo, saa hazihakikishi chochote zisipogusa yale ambayo daktari hukutana nayo. Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba mafunzo yaliyofaulu yalikuwa na mambo matatu: chombo ambacho daktari wa jumla anaweza kumudu, utaratibu anaoweza kuukumbuka, na mfano unaotokana na wanyama anaowatibu.

Kwa vyuo vya Afrika ya Kati na Mashariki, kikiwemo Chuo Kikuu cha Lubumbashi chenye Kitivo cha Utabibu wa Mifugo, jambo hilo lina uzito maalumu. Mahali ambapo bingwa wa macho yuko mbali, au hayupo kabisa, daktari wa jumla ndiye wa kwanza na wa mwisho kulitazama jicho. Tochi, ukanda wa karatasi na rangi ya fluoresini huenea katika mfuko mmoja. Kinachobaki ni kumfundisha mwenye mfuko, katika lugha ambayo ataitumia pia kumweleza mfugaji kile alichokiona.