Kaptula za Kisiwa cha Robben

Mfungwa Mwafrika aliyefikishwa Kisiwa cha Robben katikati ya miaka ya 1960 alipewa kaptula. Mwenzake Mhindi au Chotara, hata kama walihukumiwa siku moja kwa kosa moja, alipewa suruali ndefu. Wazee wetu waliowahi kuwa maboi wa Wazungu hawahitaji kuelezwa: kaptula ni vazi la mtoto, na boi alihesabiwa mtoto mpaka mvi zimjae. Kwenye sahani ilikuwa vilevile. Wenzake walikuwa na mgao wa mkate. Yeye asubuhi uji wa mahindi, mchana mahindi ya kuchemsha, jioni uji tena.

Alalamike kwa nani? Kwa mkuu wa gereza, yaani kesi ya nyani umpelekee ngedere. Na nje nako macho yalikuwa yamefumbwa kwa sheria. Sheria ya Magereza ya mwaka 1959, iliyotungwa na serikali ya Makaburu, ilifanya kuwa kosa la jinai kuchapisha habari za uongo kuhusu magereza, na ilikuwa juu ya mchapishaji kuthibitisha kwamba alizichunguza vya kutosha. Mwaka 1965 gazeti la Rand Daily Mail lilithubutu kuchapisha masimulizi ya Harold Strachan, mfungwa wa kisiasa aliyekuwa ametoka tu kifungoni. Strachan akarudishwa jela. Mhariri Laurence Gandar na mwandishi Benjamin Pogrund walitiwa hatiani mwaka 1969. Wahariri wengine hawakuhitaji onyo la pili.

Kwa hiyo mgeni mmoja akivuka maji kutoka Cape Town, kisiwa kizima kilijua. Wajumbe wa Msalaba Mwekundu walianza kufika 1964. Si wote waliokuwa na masikio: Mandela alisimulia baadaye kwamba mmoja wao, alipoelezwa habari ya mkate, alijibu kuwa mahindi yanafaa zaidi kwa meno. Lakini suruali ndefu hatimaye zilipatikana, na kwa watu waliovunja mawe uani kwenye baridi ya Atlantiki hilo halikuwa dogo.

Mwaka 1967 akaja Helen Suzman, mbunge pekee wa chama chake katika Bunge la Wazungu watupu. Wafungwa walikuwa wameshapanga. Alipoanza kuhoji mlango wa kwanza aliambiwa asipoteze muda, aende mwisho wa ukumbi akazungumze na Mandela. Akaenda. Mandela, mbele ya wakubwa wa magereza wenyewe, alimtaja askari Van Rensburg, msimamizi wao machimboni, aliyejichora alama ya Wanazi mkononi. Suzman alikuwa na silaha moja tu: angeweza kuyasema bungeni, ambako sheria ya 1959 haikumfikia. Baada ya muda mfupi Van Rensburg akaondolewa kisiwani.

Yote hayo yalitegemea hisani. Serikali ingeweza kumnyima mgeni kibali, na mara nyingi ilifanya hivyo. Afrika Kusini huru ilitaka kuondoa hisani hiyo, na sheria ya 1998 ikaunda Ukaguzi wa Kijaji wa magereza: jaji juu, na chini yake wakaguzi raia wanaoingia vizuizini, wanaosikiliza malalamiko ya wafungwa na kuyafuatilia.

Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini nani alilipa? Kifungu cha 91 kilisema gharama zote za chombo hicho zitabebwa na Idara ya Magereza, idara ileile inayokaguliwa. Mkaguzi alipaswa kumpigia hodi mkaguliwa ili apate pesa. Shirika la Sonke Gender Justice lilipeleka suala hilo mahakamani, na Desemba 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba uhuru wa namna hiyo haukutosha. Kifungu cha 91 kikatangazwa kuwa kinyume cha Katiba, Bunge likapewa miezi 24 kukirekebisha.