Kupapasa hadi bondeni

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Profesa Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff waliunda kisanduku chenye swichi 16 na vitufe vya kuzungusha kwa vidole. Ulipanga swichi zifanye umbo la herufi, ukasoma kwenye mshale wa mita kisanduku kimekosea kiasi gani, ukazungusha vitufe kidogo, kisha ukaleta herufi nyingine. Kosa moja, sahihisho moja.

Wazo hilo lilikuwa na wazee wake. Mwaka 1847 Augustin-Louis Cauchy wa Ufaransa, akitafuta njia ya kukokotoa mizunguko ya magimba ya angani, alipendekeza kushuka hatua kwa hatua kufuata mteremko mkali zaidi. Mbinu yake ilitaka vipimo visiwe na dosari. Mwaka 1951 Herbert Robbins na Sutton Monro walithibitisha kwamba hata vipimo vyenye kasoro za kibahatinasibu humfikisha mtu, mradi hatua zipungue kwa mpango: moja, nusu, theluthi, robo. Jumla yake haina kikomo, kwa hiyo hakuna umbali unaoshinda. Na kwa kuwa jumla ya miraba ya hatua hizo ina kikomo, kuyumba hutulia.

Kisanduku cha Stanford kilikuwa na bahati. Ukichora ukubwa wa kosa lake kwa kila mpangilio wa vitufe, unapata umbo la bakuli, na anayeshuka ndani ya bakuli hana pa kupotelea. Mwaka 1986 David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walionyesha katika jarida la Nature jinsi ya kurudisha kosa nyuma katika neva bandia zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Bakuli likageuka nchi ya milima, mabonde mengi na sehemu zilizo kama tandiko la punda: mbele na nyuma panainuka, ubavuni panaporomoka. Anayefuata mteremko kwa usahihi mtupu anaweza kukwama hapo.

Kasoro ya kale ikawa msaada. Anayepima kwa mifano michache iliyookotwa ovyo huyumba, na kuyumba huko humsukuma nje ya tandiko.

Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Hinton walifundisha mtandao wenye vigezo milioni 60 kwa picha milioni 1.2, wakizipitisha 128 kwa mkupuo, kwa siku tano hadi sita kwenye kadi mbili za michoro. Hakuna aliyethibitisha kwamba walifika bonde la chini kuliko yote. Lakini katika mashindano ya kutambua vitu kwenye picha walikosea asilimia 15.3, aliyewafuata, 26.2.