Mashetani wa Mpingo: Sanaa Changa Iliyovikwa Uzee

Katika maduka ya vinyago ya Mwenge, Dar es Salaam, mgeni akinunua shetani wa mpingo mara nyingi hupewa na hadithi ya nyongeza: kwamba umbo hilo limerithiwa tangu enzi za mababu. Hadithi hupandisha bei, na mnunuzi huondoka ameridhika. Ila mjini humo wapo wazee waliozaliwa kabla ya mtindo wenyewe. Shetani wa Kimakonde, yule mwenye jicho moja, sikio lililovutwa mpaka begani na tumbo lililotobolewa hadi ukaona upande wa pili, alianza kuchongwa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Si kwamba kabla ya hapo Wamakonde hawakuchonga. Kwenye miinuko ya Newala na Mueda, ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma, fundi alichonga lipiko, kinyago cha kuvikwa kichwani wakati wa ngoma za jando, kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kurukaruka nacho. Alichonga pia sanamu ya mama mwenye ndonya mdomoni na chale usoni, kwa kuwa Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjerumani Karl Weule alifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1906 akakusanya vitu vya aina hiyo kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Mashetani wa mpingo hawakuwamo katika mizigo yake, kwa sababu hawakuwa wamezaliwa.

Kilichowazaa ni safari. Upande wa Msumbiji serikali ya Kireno iliwabana watu kwa kodi, kazi za shokoa na kilimo cha pamba cha lazima, na wengi wakavuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika. Baadhi walifika hadi Kwale, Kenya, ambako wazao wao walikaa bila uraia mpaka serikali ilipowatambua kati ya mwaka 2016 na 2017. Juni 16, 1960, Wareno waliufyatulia risasi umati uliokusanyika Mueda. Miaka minne baadaye chama cha ukombozi cha FRELIMO kikaanza vita dhidi yao, na wimbi la wakimbizi likakua. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo mafundi, na fundi hakuiacha tezo yake nyuma.

Dar es Salaam ilikuwa na kitu ambacho Mueda haikuwa nacho: wanunuzi wa mjini, wenye fedha taslimu na hamu ya kitu kigeni. Kati ya wachongaji na wanunuzi hao alisimama Mohamed Peera, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, ambaye duka lake lilikuwa pia mahali pa kuamua lipi linafaa na lipi halifai. Mpaka wakati huo kilichouzika zaidi ni mtindo wa binadamu: mzee na mkongojo wake, mama na mtungi, mkulima na jembe. Peera alilipia vizuri kazi isiyofanana na ya jana.

Hapo ndipo anapoingia mchongaji Samaki Likankoa. Masimulizi ya wachongaji wenyewe, ambayo mtafiti Zachary Kingdon aliyafuatilia katika kitabu alichokitoa mwaka 2002, humtaja yeye kuwa mwanzilishi wa mashetani. Inasimuliwa kwamba kinyago chake kilivunjika mkono kabla hakijauzwa. Badala ya kukitupa, Samaki aliendelea kukichonga hadi kikawa kiumbe kisichokamilika kwa makusudi, kama wale wa porini wanaotajwa katika ngano za Kimakonde. Peera alikichukua na kuomba vingine. Hata kama masimulizi yamenakshiwa kidogo, na masimulizi ya mafundi hunakshiwa, yanaonesha jambo moja bila kificho: mtindo ulizaliwa kati ya fundi na duka, si katika jando.

Wataalamu wengi wa Ulaya hawakulipenda jambo hilo. Kwao sanaa ya Kiafrika ilipaswa kuwa ya kimila na ya zamani, isiyokusudiwa kuuzwa, na kazi za Dar es Salaam wakazibeza kuwa sanaa ya uwanja wa ndege. Ni hukumu ya ajabu. Picasso alipochota kutoka vinyago vya Afrika mwaka 1907 aliitwa mwanamapinduzi, na hakuna aliyemlaumu kwa kuwa na wakala wa kumuuzia picha. Mchongaji wa Kimakonde alipobuni umbo jipya akiwa na mnunuzi mlangoni, ndipo usafi wa sanaa ulipogeuka hoja.

Mtindo wa pili maarufu una historia ya namna hiyohiyo. Roberto Yakobo Sangwani, aliyetoka Msumbiji, hutajwa kuwa ndiye aliyeleta nguzo ya watu walioshikana na kubebana. Mwanzoni iliitwa dimoongo, na ilimwonesha mshindi wa mieleka akiwa juu ya mabega ya wenzake. Kisha likaja Azimio la Arusha mwaka 1967. Nguzo ikaitwa ujamaa, na yule mshindi wa juu akawa mkuu wa familia, au mama wa ukoo, au hata hakuwapo kabisa, wote wakawa wanabebana kwa zamu. Siasa ilipata nembo, na wachongaji wakapata soko la serikali na la wageni wake. Mtindo wa tatu, mawingu, wenye maumbo yanayopindapinda bila sura ya mtu, haukuuzika kama hiyo miwili. Pengine ndio ulio jasiri kuliko yote.

Mitindo yote hiyo inategemea mpingo. Nje mti huo una tabaka la rangi ya njano iliyopauka, na ndani kiini cheusi kizito kinachozama majini. Aghalabu gogo lake huwa na mashimo, mipasuko na mikunjo, na mchongaji hodari huyatazama hayo kwanza kabla ya kuamua kinyago kitakuwa nini. Tezo hutoa umbo, patasi huchimba, tupa hulainisha, msasa humalizia. Tatizo ni kwamba mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na viwanda vya Ulaya vinautaka pia kwa klarineti na oboe. Mpingo unapoadimika, dukani huonekana mti mwingine laini uliopakwa rangi ya viatu. Wajuzi hukipima kinyago kwa uzito wake kabla ya kukitazama.

Soko liliikuza sanaa hii, lakini lilimnyima mchongaji jina. Kwa miongo kadhaa vibao vya makumbusho viliandika "Makonde" tu, kana kwamba kabila zima lilishika patasi moja. Waliovuka kizuizi hicho ni wachache. John Fundi alialikwa mwaka 1989 katika maonesho ya "Magiciens de la Terre" mjini Paris. George Lilanga alianzia kwenye ulinzi wa Nyumba ya Sanaa, taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam miaka ya 1970 kwa juhudi za mtawa Jean Pruitt. Baadaye aliwahamisha mashetani kutoka kwenye mpingo akawatia kwenye picha za rangi kali, na alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimefika Ulaya na Marekani.

Lile lipiko la zamani, ambalo halikutengenezwa liuzwe, nalo halikunusurika na soko. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilionekana tena katika makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva, na baada ya mazungumzo ya miaka mingi kilirudishwa Tanzania mwaka 2010.

Kwa Wamakonde kuchonga kulikuwa kazi ya wanaume, na wanawake walifinyanga vyungu. Reinata Sadimba, aliyezaliwa katika eneo la Mueda mwaka 1945, alianza na vyungu kama wenzake, kisha katikati ya miaka ya 1970 akavipa vyungu hivyo macho, midomo na chale. Watu walimshangaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vilimpeleka Tanzania, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alirudi kwao akakaa Maputo, ambako alipewa nafasi ya kufanyia kazi katika Makumbusho ya Historia Asilia, na wanunuzi wakawa wanamfuata hukohuko kwa jina lake.