Watu wa Mapangoni na Siku ya Sabato

Leo nataka kuwasimulia habari za Wayahudi wa zamani, jinsi walivyopatwa na msiba mkubwa kwa kushika amri moja ya Mungu, nayo ni ile ya kustarehe siku ya saba.

Amri yenyewe mwaijua, lakini wengi wetu huikumbuka nusu. Katika kitabu cha Kutoka twaambiwa kwamba Mungu alistarehe alipokwisha kuumba ulimwengu. Katika Kumbukumbu la Torati imetolewa sababu ya pili: Waisraeli walikuwa watumwa katika Misri, wasisahau. Kwa hiyo mwenye nyumba hastarehe peke yake. Mtumwa wake, mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda, wote hustarehe pamoja naye. Mtumwa hana siku iliyo yake. Akipewa siku moja katika saba ambayo bwana hawezi kumwamuru kazi, amepewa mali kubwa.

Basi mwaka 167 kabla ya kuzaliwa Kristo, Antioko Epifane, mfalme wa Kiyunani aliyetawala Shamu na Uyahudi, alikataza Sheria ya Musa. Vitabu vyake vilichomwa moto, na mtu aliyeonekana akiishika aliuawa. Watu wengi wakakimbilia nyikani na wake zao, watoto wao na mifugo yao, wakajificha mapangoni. Askari wakawafuata, wakajipanga kupigana nao siku ya Sabato. Wakawaambia watoke, wamtii mfalme, nao wataishi. Wakakataa. Hawakuwatupia askari hata jiwe moja, wala hawakuziba milango ya mapango, kwa kuwa waliona kufanya hivyo ni kuivunja Sabato. Wakafa humo watu wapata 1,000.

Habari hii imeandikwa katika kitabu cha kwanza cha Wamakabayo. Nikiisomesha, darasa hugawanyika: hawa husema watu wale walikuwa mashahidi wa Mungu, wale husema walikuwa wajinga. Mimi siwezi kuwaita wajinga. Lakini nakiri kwamba nikifika kwa wale watoto, sauti hunipungua.

Mzee Matathia, kuhani wa Modeini, aliposikia habari hiyo, yeye na wenzake waliomboleza sana. Kisha wakafanya shauri. Wakaona kwamba wote wakifanya kama ndugu zao walivyofanya, adui atawafuta upesi katika nchi. Na wakiisha kufutwa, nani ataishika Sabato? Wakakata shauri kwamba adui akiwajia siku ya Sabato watapigana naye. Neno hili halikuwa jepesi kwao, maana walikuwa wameasi ili Sheria ishikwe, na sasa waliona hawana budi kulegeza amri yake moja. Matathia akafa mwaka uliofuata. Mwanawe Yuda akaongoza vita, na mwaka 164 Hekalu likatakaswa.

Hata hivyo shauri lile lilikuwa na mpaka: mtu hujilinda anaposhambuliwa, hashambulii. Mwaka 63 kabla ya Kristo, Pompeyo, jemadari wa Kirumi, alipoizingira nyua ya Hekalu, aliujua mpaka huo akautumia. Siku za Sabato aliwakataza askari wake wasipigane. Aliwaamuru wajaze handaki, wainue kilima cha udongo na kuisogeza mitambo ya kubomolea kuta. Wayahudi wakatazama tu, maana kujenga si kushambulia. Mwezi wa tatu ukuta ukabomoka. Yosefo, mwandishi wao wa historia, asema kwamba waliuawa watu 12,000, na kwamba makuhani hawakuiacha ibada yao hata walipokuwa wakichinjwa kando ya madhabahu.

Baadaye walimu wao waliendelea kuichunguza amri hiyo. Katika Mishna, kitabu cha sheria kilichokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, wameandika kwamba nyumba ikimwangukia mtu siku ya Sabato, watu na wafukue kifusi, ijapokuwa hawajui kama yumo au hayumo, kama yu hai au amekufa, kama ni Mwisraeli au mgeni. Wakimkuta yu hai, wazidi kufukua mpaka atoke. Wakimkuta amekufa, wamwache hapo mpaka Sabato ipite.