Kugo alitoka kijani

Wadau, kabla mniambie kwamba picha nyeusi na nyeupe ndiyo rahisi kuchapa kuliko zote, ngojeni niwape yaliyonipata Desemba hapa Elgon View.

Nilikuwa natengeneza kalenda ya familia. Ukurasa wa Januari nikaweka picha ya kugo, babu yangu mzaa baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Ni picha moja tu tuliyo nayo: amesimama studio, koti limemkaa, mkono juu ya kiti, miaka ya sitini. Nikaizungushia fremu nene nyekundu na jina la ukoo kwa rangi ya dhahabu. Kwa simu ilikuwa moto. Kwa duka la uchapishaji mjini, chini ya taa zao, ilikuwa sawa pia. Nikalipia nakala 40.

Asubuhi nikampelekea kogo pale nje anapoota jua. Akaisogeza karibu na macho, akanyamaza, kisha akauliza, "Mbona umemrudishia ugonjwa?"

Kugo alikufa na ini. Siku zake za mwisho alikuwa manjano, na kogo ndiye aliyemuuguza. Na kweli, kwa mwanga wa jua ule uso ulikuwa wa kijani-manjano, mgonjwa kabisa. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikaanza kusoma. Ukweli ni kwamba mashine ya kawaida ya rangi haina wino wa kijivu. Ina siani, majenta, manjano na nyeusi, basi. Wazo lenyewe ni la zamani. Jacob Christoph Le Blon, mchoraji mzaliwa wa Frankfurt, alipewa hataza na Mfalme George I wa Uingereza mwaka 1719 kwa kuchapa picha kwa bluu, manjano na nyekundu, rangi moja juu ya nyingine. Baadaye akaongeza bamba la nyeusi. Biashara yake London ilifilisika, lakini mashine zetu bado zinatembea kwenye njia yake.

Sasa ukiipa mashine hiyo picha ya kijivu pamoja na mapambo ya rangi, mara nyingi inachukulia ukurasa mzima kuwa wa rangi, na kile kijivu inakitengeneza kwa kuchanganya wino zote nne. Na wino si safi kama tunavyodhani. Ukiweka siani, majenta na manjano kwa kiasi sawa hupati kijivu, unapata kitu cha kahawia. Lazima siani izidi kidogo. Ikizidi zaidi ya hapo, au majenta ikipungua kidogo tu, uso umeshaegemea kijani. Kwa picha ya rangi jicho linasamehe, kwa sababu nani anakumbuka nyasi zilikuwa kijani gani? Kijivu hakisamehewi. Tena mchanganyiko huo unaweza kuonekana sawa chini ya taa ya duka na kubadilika juani, na ndiyo maana mimi na fundi tuliapa kwamba iko poa.

Halafu kulikuwa na fremu yangu. Hii ndiyo iliyonimaliza. Mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alisimamia upakaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu wakamlalamikia kwamba nyeusi yake ni hafifu. Akapima nyuzi, akakuta nyeusi haina shida, shida ni rangi zilizopangwa kando yake. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Kijivu kikikaa kando ya nyekundu, jicho linakisukuma kuelekea kijani. Kwa hivyo hata wino ungekuwa sawa, ile fremu nyekundu ingekuwa bado inamgonjesha kugo. Mimi ndiye niliyeichagua, nikidhani namheshimu.

Mtu atasema, si ungetia tu picha yote rangi kwa programu? Nilijaribu. Ilimpa midomo ya waridi na ngozi ya mtu mwingine. Hilo nalo lina historia yake. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi ya ngozi kwa kadi za Kodak zenye mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na nyuso nyeusi zikatoka bila umbo. Wenye viwanda vya chokoleti na samani za mbao walilalamika kwamba kahawia zao hazionekani vizuri, na malalamiko yao yalichangia filamu kuboreshwa. Chokoleti, watu wangu! Wakati huo wapiga picha kama N.V. Parekh wa Mombasa na Omar Said Bakor wa Lamu walikuwa wakitumia nyeusi na nyeupe, na uso mweusi unatoka na kila kitu chake. Fundi wa kugo, sijui alikuwa nani, alifanya kazi yake sawasawa. Ni mimi niliyekuja kuharibu miaka sitini baadaye.

Nikarudi dukani. Tuliigeuza picha iwe kijivu tupu, itumie wino mweusi peke yake, mapambo yabaki na wino zao. Fundi akaniambia koti litapoteza kina, bora tuongeze wino nyingine chini. Ana haki, koti limefifia. Nikakataa, uso kwanza. Nyekundu nikaitoa, nikaacha ukingo mweupe mpana. Tukachapa moja, tukaipeleka nje barabarani tukaitazama juani, matatu zikitupigia honi, ndipo nikalipia zile zingine.

Kogo aliiangalia muda mrefu. Akasema koti lilikuwa la bluu, tena halikuwa lake, lilikuwa la studio, kila mtu alilivaa. Nikamuuliza kama angependa nilitie hiyo bluu. Akasema niache.

Sasa ni Juni. Kalenda ya kogo bado iko Januari, na mtu akitaka kujua tarehe anaangalia simu.